Barua kwa wazazi, mwisho wa muhula wa tatu: juu ya askari tutakayemkumbuka siku ya proklamasio

Lubumbashi, Juni

Wapendwa wazazi, baba na mama, pamoja na walezi wote,

Buletini za alama zitatolewa siku ya proklamasio, yaani siku ya kutangaza matokeo, kama kawaida, na wanaobakiza karo wamekwisha kuarifiwa na mhasibu, kwa hiyo sitarudia hayo hapa. Ninawaandikia juu ya jambo lililoleta maneno katika komite ya wazazi: siku hiyo, kabla ya matokeo kusomwa, wanafunzi wa darasa la sita watasimulia habari za askari Chancy Chitete wa Malawi, kisha sote tutasimama kimya kwa dakika moja.

Chitete alikuwa askari asiye na cheo kikubwa katika kikosi cha Malawi cha MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani hapa Kongo. Mnamo Novemba 2018 kikosi hicho, pamoja na Watanzania na jeshi letu la FARDC, kilishambulia ngome ya waasi wa ADF huko Kididiwe, katika eneo la Beni mashariki mwa nchi, ambako raia walikuwa wakiuawa na ambako mashambulizi ya waasi hao yaliwazuia wahudumu wa afya kuwafikia watu wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti mwaka huo. Walipolazimika kurudi nyuma chini ya risasi nyingi, koplo mmoja wa Tanzania alibaki chini, amejeruhiwa vibaya, hawezi hata kusogea. Chitete alimwendea, akamburuta hadi mahali pa kujikinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na ni katika kazi hiyo risasi ilimpata. Koplo aliokoka, Chitete akafa. Katika operesheni hiyo walinda amani kadhaa wa Malawi na Tanzania walipoteza maisha, na askari wa Kongo pia waliuawa.

Tarehe 24 Mei 2019, mjini New York, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres alimkabidhi mjane wake nishani ya ushujaa wa pekee yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule mlinda amani Msenegali ambaye mwaka 1994 huko Kigali, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, bila silaha, aliwapitisha watu kwenye vizuizi wachache wachache ndani ya gari lake, hadi kombora lilipomuua tarehe 31 Mei. Nishani hiyo ilianzishwa na Baraza la Usalama mwaka 2014 na haitolewi ovyo: kabla ya Chitete, ilikuwa imepewa familia ya Diagne peke yake.

Wazazi wengine wamesema kwamba MONUSCO imekaa kwetu miaka mingi na vita havijaisha. Lawama hiyo naielewa, na mimi pia ninayo yangu, lakini nishani hii haikupewa ujumbe wala wakubwa wake. Wengine wanaogopa kwamba tunawafundisha watoto kupenda bunduki. Ningewaomba hao waje darasani. Mwalimu amewafundisha wanafunzi kufunga jeraha kwa kipande cha kitenge, na nimewaona wawili wakijaribu kumvuta mwenzao kwa makwapa kutoka ubaoni hadi mlangoni. Walishindwa katikati ya darasa, wakakaa sakafuni wakihema, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akiwafyatulia risasi. Nadhani hapo walimwelewa Chitete kuliko kwa maelezo yangu yote.

Swali lililonigusa zaidi ni la mama aliyeuliza kwa nini tumheshimu mgeni wakati wana wetu nao wanakufa huko mashariki. Ana haki. Kwa hiyo kila familia ya shule yetu yenye ndugu aliyeuawa vitani akiwa FARDC inaombwa kuleta jina lake na cheo chake kwa katibu, yameandikwa waziwazi, kabla ya Ijumaa ijayo. Watoto watayasoma kwanza, kisha watasimulia habari za Chitete.

Kwa heshima nyingi,

Mkurugenzi wa shule