Tuandikieni na habari za wanaapolo

Mhariri,

Juni 2020 mchimbaji mdogo wa madini, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, jumla kilo 15 hivi, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Nilimfurahia kwa dhati, hasa aliposema atajenga shule kwao Simanjiro.

Ila picha zilikuwa za mawe tu. Wanaapolo, yaani wale vibarua wanaoshuka mashimoni kuchimba, je? Mdogo wangu alishuka mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani miaka minne bila mshahara: unapewa chakula, unasubiri jiwe litoke ndipo mgawane. Halikutoka. Alirudi nyumbani na kikohozi, tochi ya kichwani na shuka moja.

Habari za waliotajirika zinatupa moyo, endeleeni nazo. Naomba tu mwandishi wenu awaulize na hao wa chini mgao unakwendaje.

Msomaji wenu,
Arusha