Mkaa unavuka bahari, dhamana mbona haivuki?

Ndugu Mhariri, asalaam aleykum. Naomba nafasi nami niseme langu kuhusu hii habari ya mazingira, maana kila semina ikija huku Wete, Pemba, sie kina mama ndo tunaoambiwa tupunguze, tupunguze mkaa, tupunguze plastiki, taka tusitupe ovyo, na wala sikatai, sokoni nenda na pakacha langu na kwenye seredani nachanganya vifuu ili polo la mkaa lisogee sogee.

Lakini tuulizane, hilo polo linatoka wapi? Mengi yanashuka bandarini kutoka bara. Tunajisifu tumeutunza msitu wa Ngezi, sawa, ila kuna mti umekatwa ng'ambo ili mie nichemshe chai Wete, na huo sijui anauhesabu nani.

Mifuko ya plastiki nayo hivo hivo. Zanzibar tulipiga marufuku 2006, bara wakaja kupiga Juni 2019. Miaka 13 hiyo mfuko uleule ukiwa Tanga ni halali, ukishavuka ni kosa, na anaebanwa ni muuza duka wa huku mwenye vifurushi viwili chini ya meza, alieutengeneza hana habari.

Najua mazingira si jambo la Muungano. Kwetu yako ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais na kuna ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, bara yako ofisi ya Makamu wa Rais na wana NEMC, baraza lao la mazingira. Mie sitaki mamlaka yetu yaende popote, watu wasije wakanielewa vibaya. Ila kwenye mikutano ya dunia ya tabianchi tunaingia kwa jina moja, Tanzania, na tunawaambia mataifa tajiri kwamba alochafua zaidi abebe zaidi, hoja ya tokea mkutano wa mazingira wa Rio 1992 hiyo na ni haki tupu, wakaulize Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, maji ya chumvi yalivyoingia kwenye mipunga ya watu ambao hata gari hawana. Sasa mbona hesabu hiyo tunaijua tukiwa mbele ya wazungu tu, baina yetu wenyewe hatuigawi?

Alafu hii gesi. Mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameingia humo. Vizuri. Lakini mkaa nanunua wa leo kwa pesa ya leo, mtungi wa gesi unataka pesa yote kwa mpigo, na ukisema upike kwa umeme ukaweka maharage, tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, inalia hata hayajaiva. Na huo umeme wenyewe Pemba tunaletewa na waya wa baharini kutoka Tanga tokea 2010, yaani waya tuliweza kuupitisha chini ya bahari, dhamana ndo imetushinda.

Ombi langu ofisi hizi mbili za mazingira, yetu na ya bara, zikae, mkaa na plastiki zikaguliwe zinakopakiwa, sio mpaka zishuke Wete, na ushuru wa mkaa ugawiwe, sehemu ipande miti kule ulikokatwa, sehemu ipunguze bei ya kujaza mtungi huku. Na kwenye kikao hicho masheha waitwe, na mwanamke mmoja anaepika kila siku, sio wapambe tu.

Mama wa nyumbani,
Wete, Pemba