Programu ya kuandikia msimbo: tujiandae kabla ya Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Kompyuta yenye nguvu kidogo isimzuie mtu kuja Jumamosi kujifunza kuandika msimbo. Yenye nguvu, pakua VS Code, programu ya kuandikia msimbo, ni ya bure. Yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 usiitese, weka programu nyepesi: Geany, au Notepad++ kama ni Windows.

Mashine ya ofisini isiyokubali kuwekewa programu? Fungua vscode.dev, yaani VS Code ya mtandaoni, kwenye Chrome, chagua folda yako, bonyeza kuruhusu. Mafaili yanabaki kwenye mashine yako mwenyewe. vscode.dev haina terminali (dirisha la kuandikia amri za kuendesha programu), kwa hiyo inafaa zaidi HTML na CSS, lugha za kurasa za wavuti. Wanaojifunza lugha ya Python watumie GitHub Codespaces, kompyuta ya mtandaoni unayoifungua kwenye kivinjari: saa 60 bure kila mwezi kwa mashine yake ndogo kabisa. Ukimaliza izime, saa zisiliwe bure.

Aliyekwama aandike hapa leo, ataje na RAM yake, tumsaidie.