Shukrani za familia kwa msiba wa baba yetu, fundi mchoraji

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu baba yetu, fundi mchoraji wa Msasani, Dar es Salaam, tunatoa shukrani za dhati kwa wote mliokuwa nasi kwa hali na mali, tangu alipoanza kuugua, siku ya maziko, hadi tulipoanua tanga. Si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina. Madaktari na wauguzi, imamu wetu na masheikh, majirani mliotoa turubai na masufuria, kina mama mliopika siku tatu bila kulala, jamaa mliosafiri usiku kucha kutoka Tunduru na Masasi: Mwenyezi Mungu awalipe. Kama yupo mgeni ambaye hatukumpokea inavyostahili, tunaomba radhi.

Mafundi wenzake wa Tingatinga, ninyi mlikuwa ndugu zake kabla sisi hatujazaliwa. Baba alifika mjini mwaka 1974. Mzee Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, alikuwa amefariki mwaka 1972, kwa hiyo Baba hakumkuta. Alifundishwa na wale waliofundishwa na Mzee, kule kule Oyster Bay, karibu na Morogoro Stores. Alitusimulia mara nyingi kwamba mwanzoni kazi yake ilikuwa kupaka rangi ya nyuma tu, na siku aliyoruhusiwa kumtia mnyama jicho, mkono ulimtetemeka.

Kazi zake za wakati ule mnazikumbuka: ubao wa futi mbili kwa mbili, rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, mnyama mmoja katikati na nyuma yake pametulia rangi moja. Miaka ya 1980 picha zikaanza kujaa watu: foleni ya hospitali, mganga na wateja wake, abiria wanaogombania basi. Baadaye akahamia kwenye kitambaa, kwa sababu mgeni hukikunja akakitia begini. Wageni walitaka twiga na Mlima Kilimanjaro, naye akawachorea kwa miaka mingi. Zile twiga ndizo zilizotulipia karo, na tunaomba mtu asizidharau, maana hata hapo shingo mbili hakuzichora sawa.

Miaka yake ya mwisho macho yalipopungua, aliacha kuchora mstari wa kuzunguka umbo. Alitandaza rangi kwanza, buluu juu ya buluu, akangoja ikauke, kisha samaki akamtoa humo kwa nukta chache. Wapo waliosema mzee amechoka. Sisi tuliokaa naye tunaamini hizo ndizo kazi zake bora.

Siku ya pili ya msiba, mama mmoja jirani alikuja na kipande cha ubao kichwani. Kwa miaka mingi alikuwa akifunikia pipa la maji. Alipokigeuza, upande wa chini alikuwapo chui wa Baba. Kona moja imevimba kwa maji, mkia umebabuka, lakini madoa yote yapo, na kila doa lina nukta nyeupe katikati yake. Alipewa na Baba kufidia deni la mkaa. Hatujawahi kuona kazi yake ya zamani kuliko hiyo, kwa kuwa nyumbani hakubakiza picha. Kila iliyokauka iliuzwa. Mama, ulikataa fedha yetu ukasema chui amerudi kwao. Hatuna neno la kukutosha.

Baada yake wengine mkaanza kuleta zenu, wengine mkatuonyesha kwenye simu, na tukamwona Baba wa ujana wake ambaye hatukumjua.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Mwenye kazi yake, popote alipo, aipige picha mbele na nyuma. Nyuma aliandika mwaka kwa penseli. Hatutaki kumnyang'anya mtu mali yake. Tunataka kuzipanga kwa miaka, wajukuu wazione zikifuatana.

Kisomo cha arobaini kitafanyika nyumbani baada ya sala ya Alasiri. Mnaoweza, njooni na picha zenyewe. Misumari tumeshaipigilia kwenye ukuta wa uani, na chui ameshatangulia.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.