Simuleta ya ndege nyumbani: tuanze na njia ya hewa, kiyoyozi baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu vijana wa Dar es Salaam wanaojitengenezea majumbani simuleta za ndege, yaani vyumba vya rubani vya kuigiza urushaji ndege kwa kompyuta. Makala ilikuwa nzuri, na picha ya kile chumba cha rubani kilichozibwa kwa plaiwudi pande zote ilinifurahisha. Hata hivyo, sikubaliani na ushauri uliotolewa mwishoni kwamba anayeshindwa kuvumilia joto la humo ndani anunue kiyoyozi cha kuhamishika na kuingiza bomba la hewa yake baridi moja kwa moja kwenye boksi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, na kwa hali ya hewa ya jiji letu ushauri huo unaweza kumtia mtu gharama na bado akatoka humo amelowa jasho.

Tuanze na chanzo cha joto. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta na skrini huishia kuwa joto. Kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu, inapoendesha programu ya urushaji ndege, inaweza kutumia wati 400 hadi 500. Skrini tatu huongeza wati 100 na ushee. Na rubani mwenyewe, akiwa ameketi tu, hutoa takriban wati 100. Jumla inakaribia wati 700, sawa na kujifungia kabatini na pasi ya umeme iliyowashwa. Ili hewa inayopita humo isipate joto kwa zaidi ya nyuzi 5, zinahitajika takriban mita za ujazo 420 za hewa kwa saa, maana yake boksi lenye mita za ujazo tatu na nusu libadilishiwe hewa yote mara mbili kila dakika. Vifeni viwili vya kompyuta vilivyofungwa nyuma ya kiti haviwezi kufika hapo.

Kwa hiyo, kabla hajanunua chochote, mwenye simuleta aitoe kompyuta nje ya boksi. Nyaya za USB za toleo la 2.0, zinazounganisha vifaa vya rubani na kompyuta, zinaruhusiwa kufika mita 5, urefu unaotosha kabisa kuiweka pembeni mwa chumba. Joto linalobaki ndani litashuka hadi wati 250 hivi, na hewa inayohitajika itapungua hadi mita za ujazo 150 kwa saa, kiasi ambacho feni moja ya kutolea hewa ya bafuni, ya inchi 6, inakimudu.

Feni hiyo ifungwe juu, nyuma ya kichwa cha rubani, nayo ivute hewa kuitoa. Matundu ya kuingizia yawe chini, karibu na pedali, na ukubwa wake kwa jumla usiwe mdogo kuliko mdomo wa feni. Ukitaka kujua kama hewa inapita unapotaka ipite, washa kijiti cha udi, kishike mbele ya matundu ya chini, kisha utazame moshi: ukiingia na kupanda kuelekea feni, kazi imekwenda vizuri, ukizungukazunguka magotini, kuna mahali hewa inapita njia ya mkato, mara nyingi kwenye ufa wa mlango. Njia ya hewa ina faida nyingine isiyohusu joto. Mtu aliyeketi hutoa takriban lita 20 za hewa ya ukaa kwa saa, na katika boksi lililozibwa kiasi hicho kinatosha kumfanya aanze kusinzia, pengine akilaumu urefu wa safari.

Sasa nije kwenye kiyoyozi, maana hapa ndipo makala ilipoteleza. Kama chumba hakina kiyoyozi, hewa ya moto itolewe nje ya nyumba kwa bomba kupitia dirishani, na msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mdomo wa bomba usielekezwe kaskazini-mashariki, la sivyo upepo utairudisha ndani. Lakini kama chumba kina kiyoyozi, usiitoe nje hata kidogo. Irudishe chumbani, karibu na sehemu ambayo kiyoyozi kinavuta hewa. Kila mita ya ujazo unayoitupa nje huzibwa na hewa ya nje inayopenya milangoni, yenye joto na unyevu mwingi, na kukausha unyevu huo ni kazi kubwa kuliko kupunguza joto lenyewe. Ukitupa mita za ujazo 420 kwa saa, mzigo wa kupoza hewa mpya unaweza kuzidi uwezo wote wa kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), wakati joto la simuleta yenyewe lingekula kiasi cha robo tu. Viyoyozi vya kuhamishika vyenye bomba moja la kutolea joto vina kasoro hiyohiyo, kwa kuwa navyo huvuta hewa ya chumbani na kuitupa nje.

Kuna pia suala la umande. Msimu wa kaskazi, kitu chochote chenye nyuzi 24 au pungufu huweza kutoa jasho hapa Dar, na hewa ya kiyoyozi hutoka ikiwa na nyuzi 12 hadi 15. Bomba la alumini la hewa hiyo, lisilovishwa kitu, likipitishwa juu ya paneli za swichi litadondosha maji juu yake. Sisi mafundi hatuvishi mabomba ya shaba ile sponji nyeusi kwa ajili ya urembo.

Watengenezaji wa ndege nao hupitisha hewa kwenye vifaa. Katika Boeing 737, paneli ya juu ina swichi mbili za kupozea vifaa, moja ya hewa inayoingia na nyingine ya inayotoka, kila moja ikiwa na nafasi ya kawaida na ya akiba. Vijana wengi huziiga swichi hizo kwa plastiki bila kuziunganisha na kitu chochote. Ningewashauri waziunganishe na feni za kweli, moja ikifa nyingine ipokee.

Mwisho, umeme ukikatika feni husimama na giza huingia ghafla. Mlango wa boksi ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, bila komeo wala ufunguo, hasa katika nyumba yenye watoto.

Fundi wa viyoyozi,
Tabata, Dar es Salaam