Mwanaidi, oili ya hiyo Toyota IST yako

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku wazima, hofu kwenu. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza leo, wiki tatu zimepita, na lawama zote nazipokea, ila tuziweke kando kwanza. Unasema umeshatembea kilomita 4,600 tangu umwage oili. Fundi wa Hamisi anakwambia ulitakiwa kumwaga kwenye 3,000, kijana wa duka la spea anasema hiyo ni sintetiki kamili, kaa nayo mpaka 15,000, na shemeji kasema usubiri taa iwake.

Nianze na shemeji, maana huyo ndiye wa hatari. Ile taa nyekundu yenye picha ya kopo haijui oili ina umri gani, wala haipimi zimebaki lita ngapi. Inaangalia presha ya oili tu. Ikiwaka uko barabarani, ujue presha imeshaanguka na vyuma vinasagana karibu vikavu. Unazima injini hapohapo, hata kama ni katikati ya Ubungo na honi zinakutukana. Mwambie namsalimu sana.

Hao wengine wawili hawajakudanganya, ila kila mmoja anazungumzia gari la mtu mwingine. Fundi anasema 3,000 kwa sababu amekulia kwenye oili ya kawaida, ile nzito ya 20W-50 ya kwenye mapipa. Kijana hiyo 15,000 hakuitunga: Toyota kule Japani wanatoa kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na turbo. Ila maelekezo hayohayo yana mstari wa pili, wa gari linalotumika kwa shida, na humo wanakata nusu: 7,500 au miezi sita, kinachotangulia. Shida yenyewe ni vumbi, barabara mbovu, safari fupifupi, na kukaa silensa, yaani injini inaunguruma gari limesimama, muda mrefu. Sasa niambie, hapo hawajaitaja Mbezi kwa jina?

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, mwaya. Kilomita zinakudanganya. Umesema mwenyewe kutoka nyumbani mpaka Posta ni kilomita 22 na unatumia saa moja na nusu. Huo ni mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa. Ukifika kilomita 5,000, injini yako imeunguruma saa 333. Mchukue Bakari na safari zake za Dodoma: kilomita 450 kwa saa nane, yaani 56 kwa saa. Yeye akifika 10,000, injini yake imefanya kazi saa 178 tu. Ametembea mara mbili yako, oili yake imechoka kama nusu ya yako. Ndiyo maana akikwambia "mimi natembea elfu kumi na gari haina neno", anasema kweli, na wewe usimfuate.

Saa zinaiua oili vipi? Kila petroli inapoungua, moshi kidogo unapita pembeni ya ringi za pistoni na kushuka chini kwenye oili, umebeba asidi, maji na masizi. Ndani ya oili kuna dawa za kusafisha zinazomeza ile asidi, na nyingine zinazoyashika masizi yasigandane. Dawa hizo zina kiasi chake, zikiisha zimeisha. Sintetiki inastahimili joto vizuri zaidi na haigandi upesi, hapo ndipo hela yako ilipokwenda, lakini dawa zake nazo zinaliwa vilevile. Halafu kwenye foleni hakuna upepo wa kupoza, AC inavuta, injini iko silensa na pampu ya oili inazunguka polepole. Bahati yako injini yako, 1NZ, inapuliza petroli kabla ya vali. Ungekuwa na injini ya kisasa inayopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, petroli ingekuwa inachuruzika kwenye oili zaidi, na ningekupunguzia kilomita tena.

Ukiipitisha muda, hutasikia kitu kwa miezi mingi. Hiyo ndiyo shida yake. Uchafu unaganda kama lami chini ya kava ya vali, unaziba ringi za chini za pistoni, gari linaanza kula oili. Vijichujio vya njia ya oili ya VVT-i, ule mfumo unaorekebisha muda wa vali kufunguka, vikiziba, taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia gari inasoma namba ya hitilafu P0011 au ya jamii hiyo, na mtu anakuuzia sensa usiyoihitaji. Mwisho mnyororo wa taimingi unalegea na unasikia kelele ukiwasha asubuhi. Mnyororo huo si mkanda wa kubadilisha kwa ratiba, uhai wake ni oili.

Basi hukumu yangu: kilomita 5,000 au miezi sita. Kwa safari zako za kazini ni kama kilomita 220 kwa wiki, kwa hiyo elfu tano utaifikia kabla ya miezi sita kuisha, hata bila kuhesabu harusi za kina Mama Nasra. Kwa nini si 7,500 ya kitabu? Kwa sababu gari lina miaka zaidi ya kumi na tano, hujui aliyelitumia kabla yako, na duka hulijui. Ukimwaga mara mbili ukaona hali nzuri, sogea mpaka 6,000. Usiende mbali zaidi ya hapo kwa mwendo huo wa kinyonga. Na uko 4,600 sasa, kwa hiyo Jumamosi hii au inayofuata, basi.

Hali nzuri unaijuaje? Si kwa rangi. Oili kuwa nyeusi ni kwamba inabeba uchafu, kazi yake hiyo. Chukua karatasi nyeupe nzito, iweke juu ya mdomo wa glasi. Injini ikiwa ya moto, dondosha tone moja kutoka kwenye stiki ya kupimia oili, acha mpaka kesho. Tone likisambaa kwa rangi ya kijivu inayofifia pole kuelekea nje, dawa bado zinafanya kazi. Ukiona duara jeusi katikati lenye ukingo mkali kama limechorwa kwa kalamu, ulichelewa. Si maabara, lakini ukizihifadhi hizo karatasi na kuandika kilomita pembeni, utaona mwenyewe.

Siku ya kumwaga simama pale pale, usiende kunywa chai. Injini ipashwe moto dakika tano tu. Nati ya sampo, ile ya kumwagia oili chini ya injini, ni spana namba 14, na ile pete yake ya kuzibia (washa) iwekwe mpya, ni hela ndogo sana. Filta inabadilishwa kila mara. Kabla ya kufunga mpya, mwambie akuonyeshe mpira wa filta ya zamani umetoka nayo. Ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini halafu mpya ikafungwa juu yake, oili yote itamwagika barabarani. Mpya inapakwa oili kwenye mpira, inafungwa kwa mkono, mpira ukigusa anaongeza robo tatu ya mzunguko. Asitumie mnyororo kuikaza.

Sasa jambo wanaloharibu karibu wote: dumu ni la lita 4, injini yako inakula lita 3.7 pamoja na filta. Fundi atalimimina lote kwa sababu "umelipia". Kataa. Oili ikizidi sana kreki, ule mhimili unaozunguka chini ya pistoni, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Amimine lita tatu na nusu, awashe dakika moja, azime, msubiri dakika tano, mpime stiki gari likiwa limesimama sawasawa, aongeze kidogo kidogo mpaka alama ya F, ya kujaa. Kinachobaki kiweke kwenye buti, ndicho cha kuongezea.

Kwenye dumu tafuta 5W-30, ndio uzito wa oili, na maandishi API SN au SP, ndiyo daraja la ubora. SP ilianza 2020, ndiyo mpya zaidi kati ya hizo. Neno "sintetiki" peke yake kwa herufi kubwa usililipie hela yako, na dumu tupu litoboe kabla ya kulitupa, wasije wakajaza uchafu na kumuuzia mwingine. Nunua kwa wakala au sheli yenye jina lake, hata kama ni ghali kidogo kuliko Kariakoo.

Halafu ea klina, kichujio cha hewa. Fungua, pitisha kidole upande wa ndani, ule unaoelekea injini. Ukikuta vumbi hapo, mchanga unaingia kwenye oili na hesabu zangu zote hizi ni bure mpaka uzibe linapopenyea.

Nilisahau. Kwenye ukingo wa mlango wa dereva huenda kuna stika ya Kijapani ya oili. R5 ni 2023, H30 ni 2018, na kilomita zimeandikwa. Zikiizidi dashibodi yako kwa makumi ya maelfu, mtu aliyekuuzia ana maswali ya kujibu.

Nawe nijibu, tena kwa maandishi, sauti zako ndefu. Stiki inasoma wapi leo asubuhi gari likiwa baridi? Umewahi kuongeza oili katikati, na ilikuwa kiasi gani? Ukiwasha kuna moshi wa bluu? Dumu lililotumika mara ya mwisho unalo, lilikuwa namba ngapi? Na yule binti wa Bi Kidawa, wamekubaliana mahari au bado wanazungushana? Unakuja lini Tanga, na utakuja na gari hilo au na basi?

Wako,
Zuhura

N.B. Ukija na gari, pima stiki Chalinze. Ikiwa imeshuka kutoka F mpaka katikati kwa safari hiyo tu, nipigie hapohapo, usiendelee.