Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: mtaro wetu hauna marejesho

Ndugu Mkurugenzi,

Naandika nikiwa Ujiji, nyumbani kwa mama yangu, mwenye umri wa miaka 76.

Mama akienda kliniki ya presha, kinachomchosha si daladala. Ni kutoka mlangoni hadi barabarani. Njiani kuna mtaro, na juu ya mtaro pamelazwa ubao mmoja. Akifika hapo huugonga kwa fimbo mara mbili, asikie kama umeoza, kisha hungoja nimshike kiwiko. Nisipokuwepo hushikwa na watoto wanaotoka shule. Masika ubao ukisombwa, kliniki haendi. Na akishavuka, pa kupumzika ni kwenye mzizi wa mwembe tu.

Najua sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni jambo jema sana. Lakini kikundi kikikopa cherehani kitashona, kitauza, kitarejesha. Kikikopa saruji ya kufunika mtaro, marejesho kitayatoa wapi?

Ndiyo maana naomba ruzuku ndogo za mtaa, zisizorejeshwa. Marekani, AARP, chama cha watu wa miaka 50 na kuendelea, kinatoa ruzuku za namna hiyo tangu 2017: mabenchi, vivuko vya waenda kwa miguu, bustani, kazi za kumalizika ndani ya miezi. Sisi mafundi tunao, na mchanga na nguvu tutachangia. Tunakwama kwenye saruji, nondo na kokoto.

Mkutano wa mtaa ndio uchague kazi, na wazee waanze kusema. Mara nyingi tunawaomba wafungue kwa dua, kisha hatuwaulizi tena lolote. Risiti zibandikwe ofisi ya mtaa, kila mtu azione.

Mtaro ukifunikwa, hapo atapita pia mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la dagaa kichwani. Atapita kijana jirani yetu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ambaye leo hubebwa yeye kwanza, baiskeli baadaye.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Wakati huo mama alikuwa akienda Mwanga, mjini Kigoma, na kurudi kwa miguu.

Naomba fungu hili liingie kwenye bajeti ijayo, hata kwa mitaa mitatu ya kuanzia. Mtaro wetu nimeshaupima: upana futi nne na nusu.

Mkazi wa Ujiji